Sinema ya Majestic, Vuga: tumtaje na msanifu wa pili

Mgeni akitembezwa Mji Mkongwe, jina la John Sinclair atalisikia mpaka alizoee: Mahakama Kuu pale Vuga, posta ya Shangani, jumba la makumbusho la Beit el Amani na makuba yake, lililofunguliwa 1925. Anastahili. Alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni na msanifu majengo kwa wakati mmoja, na alijua kuyaoanisha matao ya Kiarabu na ujenzi wa Kizungu. Hata jumba la sinema la Royal, lililofunguliwa 1921, alilichora yeye, na fedha alitoa mfanyabiashara wa Unguja, Hassanali Adamji Jariwalla.

Ila Royal haipo tena. Iliungua katika miaka ya 1950. Jumba tunaloliona leo, Majestic, ni la 1955, na aliyelichora ni Dayalji Pitamber Sachania, msanifu wa asili ya Kihindi. Ni nani anayemtaja huyu?

Naumia kwa hilo, kwa sababu kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Angeweza kurudia mambo ya Sinclair na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua mtindo wa Art Deco, wenye mistari safi na kuta zisizolemewa na nakshi, katikati ya mji wenye sifa ya milango ya kuchongwa. Nadhani aliwaelewa wateja. Watu wa Unguja walikwenda sinema kuona filamu za Kihindi, Kimisri na Kimarekani. Familia zilijipamba kwa ajili ya Jumapili, na wanawake walikuwa na maonyesho yao ya zanana, yaani ya wanawake peke yao. Watu hao walikwenda kuutazama ulimwengu, na jumba lenyewe liliuanza ulimwengu huo tangu barabarani, kabla taa hazijazimwa.

Sasa Majestic imechakaa vibaya. Likija suala la kuitengeneza, hofu yangu si fedha peke yake. Tangu Mji Mkongwe uingie kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, tumezoea kuthamini vya karne ya kumi na tisa na kuvionea haya vya jana. Atatokea mtu wa kushauri matao yaongezwe ili jumba lifanane na majirani zake. Asisikilizwe. Mistari ya Sachania ibaki ilivyo, na jina lake liandikwe ukutani, kwa herufi za ukubwa uleule watakaompa Sinclair.