Msitupelekee uwanja porini

Kila ukizuka mradi wa uwanja mpya hapa kwetu, maelezo huwa yaleyale: eneo limepatikana nje ya mji, ni kubwa, halina mgogoro, maegesho si tatizo tena. Watu wanapiga makofi. Mimi makofi yananishinda, kwa sababu najua maegesho hayo ni ya nani, na si ya yule anayekata tiketi ya mzunguko, ile ya bei ya chini.

Nenda Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Uwanja wa watu 60,000 umekaa katikati ya Temeke, ubavuni mwa Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi letu. Kuanzia asubuhi watu wanamiminika kwa miguu kutoka Tandika, Keko na Mtoni. Jezi zimetundikwa kando ya barabara, nyekundu huku na njano kule, na kina mama wa mihogo wameshawasha majiko. Filimbi ya mwisho ikilia, umati unashika barabara ya Chang'ombe, unapita Keko, na wengine hawapandi gari lolote mpaka Kariakoo. Njia nzima ni mabishano: ile ilikuwa penalti, haikuwa penalti. Aliyefungwa anazomewa na jirani yake mwenyewe mpaka mlangoni. Nusu ya raha ya mpira wetu iko kwenye hayo matembezi, na uwanja ukihamia porini raha hiyo inakufa.

Nasikia hoja ya foleni, na ni ya kweli. Barabara ya Mandela inabeba malori ya makontena kutoka bandarini, na siku ya mechi kubwa inakaba kabisa. Lakini malori yanaweza kupangiwa saa, na mabasi yanaweza kuongezwa. Njia ya mwendokasi ya Mbagala inapita Kilwa Road, si mbali na hapo. Ukihamishia uwanja pembezoni, foleni hujaiondoa. Umeihamisha nayo, tena umeibana kwenye barabara moja.

Uwanja wa Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, unatuonyesha hilo. Klabu ya Azam walifanya jambo kubwa kujenga uwanja wao wenyewe, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini mechi ya saa 1 usiku inaisha kama saa 3, na hapo shabiki wa Kimara au Tegeta ana hesabu ngumu. Daladala la kwanza mpaka Mbagala, la pili kuelekea mjini, na la tatu kama bado lipo. Vinginevyo ni bodaboda, na nauli ya bodaboda usiku ule inaweza kuzidi bei ya tiketi. Matokeo yake mtu anabaki kibanda umiza, anatazama kwenye runinga. Halafu tunajiuliza kwa nini majukwaa yana mapengo.

Hofu yangu kubwa sasa ni Arusha. Kwa ajili ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda tulipewa uenyeji wake mwaka 2023, unajengwa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti, pembezoni mwa jiji. Sina ugomvi nao, mashindano makubwa yana masharti yake. Ninaohofia hatima yake ni Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Uwanja ule uko katikati ya mji, hatua chache tu kutoka stendi, na umebeba jina la mshairi aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Siku zisizo na mpira unafanya kazi nyingine: Mei Mosi, mikutano, watu wa mazoezi ya jioni. Kiwanja cha namna hiyo, kwenye ardhi ya bei ile, kikikosa ligi kwa misimu miwili tu, wa kukitolea macho hawatakosekana. Chama tawala, CCM, ambao ndio wenye uwanja huo na vingine vingi mikoani, watamke mapema kwamba hauuzwi wala haugeuzwi maduka.

Nikisema mjini sina maana ya popote penye maghorofa. Cape Town walijenga uwanja wao wa Kombe la Dunia la 2010 Green Point, karibu na bahari, mahali pazuri mno kwa picha. Awali jiji lilifikiria Athlone, upande wa Cape Flats wanakoishi wapenda mpira wenyewe. Baada ya mashindano, jiji lilibaki na mzigo wa kuutunza. Kwa hiyo swali langu ni dogo: je, wenye mpira wao wanaweza kufika, na kurudi, bila gari?

Ndiyo maana suala la Jangwani linaniumiza kichwa. Yanga wanataka kujenga uwanja palepale kwenye makao yao, na moyo wangu wote uko nao. Ni pua na mdomo na Kariakoo, na mwendokasi unapita mlangoni. Lakini pale ni njia ya mto Msimbazi. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa hapohapo na mafuriko yakaizamisha mara kwa mara, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Wapo wanaosema basi, klabu iende zake Kigamboni. Mimi nasema hapana, ila mto upewe njia yake kwanza: mradi wa bonde la Msimbazi ukamilike, kina chake kichimbwe, ardhi ya uwanja inyanyuliwe, na wahandisi watuonyeshe hadharani maji ya masika yatapita wapi. Wakishatuonyesha, wajenge. Wakishindwa, klabu itafute kiwanja Ilala au Temeke, hata kikiwa kidogo, hata kikiwa cha watu 20,000 tu.