Tulivyozama kwenye Maji ya Magotini

Kosa la kwanza halikuwa langu. Lilikuwa la mwezi. Ulikuwa mpevu juzi yake, bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, imeshika kweli, na kila aliyelelewa Michamvi, huku Unguja, anaijua Ghuba ya Chwaka ikiwa kwenye bamvua. Asubuhi unapita na mashua katikati ya mikoko unajiona nahodha. Saa sita baadaye maji yameshashuka kama mita 3, pale ulipopita pana tope, mwani na kaa wanaokutazama.

Ami yangu, mwenye mashua, aliwaambia wageni waje saa moja asubuhi. Wakaja saa mbili na nusu, kwa sababu ya chai na picha za chai. Yeye akatazama maji, akatazama wageni, akatazama pesa. Tukaondoka.

Kosa la pili, hilo langu. Mie ndiye mkalimani wa mashua, na wiki ile nilikuwa nimetiwa aibu. Mgeni mmoja alinambia kwa upole kwamba kila kitu kwangu ni "struggle", yaani kuhangaika. Daladala ikipanda mlima, "struggle". Kaa akinasa wavuni, "struggle". Mie na kodi ya nyumba, "struggle". Nikaazima kamusi ya visawe kwa kijana wa jirani anayesoma skuli, nikakesha nayo. Nikakuta "strive", kujitahidi mtu akiwa na jambo analolitaka. "Grapple", kukabana mwilini kama wacheza mieleka. Kisha nikafika kwenye "flounder", kutapatapa, hasa topeni au majini, unajivuta na huendi. Hilo nikalipenda. Chini yake kwa herufi ndogo pameandikwa: usilichanganye na "founder".

Wallahi, kitabu kingenyamaza nisingechanganya.

Basi tunarudi, injini inakoroma, mara mashua ikasugua chini, ikasimama. Ami akazima injini. "Tumepwelewa," akasema. Neno moja tu, limekwisha. Pwani hii tunalo neno maalumu la chombo kilichoachwa na maji, na mie sasa nilitafutie Kiingereza chake, hali kichwani siku hiyo sina kingine ila visawe vya kuhangaika. Ami akachukua pondo akasukuma. Mashua ikayumba, ikasogea shibiri moja, ikakwama tena. Ikayumba. Ikakwama. Nikasema moyoni, hii si ndiyo kutapatapa yenyewe?

Nikasimama kwenye tezi, nyuma ya mashua, nikakohoa kidogo, nikawaomba wageni kwa Kiingereza safi wasiwe na wasiwasi wowote. Kisha nikatamka kwa madaha: "We are foundering."

Sasa nikwambie lile neno lisilo na "l" maana yake nini. Ni chombo kujaa maji kikaenda chini. Kwa hiyo nimesimama na tabasamu mbele ya watu watano waliolipa pesa zao, nawaambia: msijali, tunazama.

Mwanamke mmoja akavaa laifu jaketi mbili. Mumewe akawa anaitafuta ya kwake, na ndiyo ile ya pili aliyovaa mkewe. Kijana mmoja akainua simu juu kama anayeiombea dua, mwenzake akajitupa baharini. Akatua kwa makalio. Maji yakamfika kiunoni kwa sababu amekaa kitako, na akabaki pale pale anapiga mbizi za mikono, anatapatapa hasa, ule mfano niliokuwa nautafuta tangu asubuhi.

"Umewambiaje watu wa watu?" Ami akauliza.

"Nimewambia watulie."

Hapo bibi mmoja akatokea upande wa mikoko, kanga kaikunja, ndoo ya chaza kichwani, anatembea zake taratibu. Maji hayajamfika hata magotini. Akapita ubavuni mwa mashua.

"Asalaam alaykum. Mnavua?"

"Alaykum salaam, bi mkubwa," Ami akajibu. "Tunazama."

Bibi akamtazama yule kijana majini, akanitazama mie. "Haya, Mungu awasalimishe," akasema, akaenda zake.

Kimya kikaingia. Wageni wote wakamfuata bibi yule kwa macho, wakitazama miguu yake.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, ambaye muda wote hakuinuka kitini. Akashuka, akaandika neno kwenye tope kwa kidole cha mguu, akaliongeza "l" katikati, akanieleza tofauti. Tulikuwa na saa nyingi za kungoja maji yajae, basi somo likawa refu. Kumbe "flounder" ni samaki pia, yule bapa anayejilaza mchangani, macho yote mawili upande mmoja. Huku kwetu tunamwita gayogayo. Na lile la kuzama asili yake ni Kilatini, "fundus", yaani chini kabisa. Ami hajui Kiingereza lakini masikio anayo. Akaniuliza fundi kafanyaje. Nikamwambia hakuna fundi. Akasema anajua hakuna, fundi wa mashua hii alishafariki, ndiyo maana kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, imechoka.

Mwalimu akataka na yetu. Nikampa kuhangaika, kufurukuta, kupapatika, kujikongoja. Nikampa na kugaagaa, nikamfasiria kwamba mwenye kugaagaa na upwa hali wali mkavu. Akacheka, akaandika. Wakati huo wote tunakula biskuti kavu bila hata maji ya kusukumia, maana maji ya kunywa kijana alijitupa nayo.

Maji yakarudi jioni. Yule wa laifu jaketi mbili alipanda nazo teksi.

Wiki nzima iliyofuata nikawa nafanya mazoezi ya ile "l". Naoga nayo, nala nayo, naswaki nayo. Safari ya pili, wageni wengine, maji tele, hakuna kupwelewa. Katikati ya ghuba nikahisi unyevu miguuni. Ile kalafati. Maji yanachuruzika kwenye mbao, na si kidogo.

"Wambie haraka wasaidie kufua maji," Ami akasema. "Lile neno lako la siku ile, leo ndiyo mahali pake."

Nikaruka juu, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, na ile "l" ikatoka imenyooka kama mlingoti: "We are floundering!"

Wageni wakafurahi. Wakatoa kamera, wakainama ubavuni mwa mashua kumtafuta samaki. Mmoja akauliza kama wakichomwa ni watamu.

Ami akanitupia kata ya kufulia maji, akaniambia nifunge kinywa.