Siyo Meku, ni Barakoa Yangu

Kabla hamjaendelea kusambaza kwenye magrupu ile sauti ya binamu yangu, inayosema nilijamba usiku ule kwenye sherehe kule Kibosho, naomba niliseme mara moja tu: sikujamba. Na nawaambia hata wale wa ukoo walioko Dar, ambao Kibosho hawakukanyaga, lakini wanasimulia kwa uhakika kuliko sisi tuliolala pale.

Habari za CPAP yangu, ile mashine ya kunisaidia kupumua usingizini, mnazijua, nimeshawachosha nazo. Koo linajifunga usingizini, pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, mwili unashtuka, unavuta hewa kwa kishindo, mchezo unaanza upya. Mashine inasukuma hewa ili koo libaki wazi. Presha yake huanzia 4 hadi 20 kwa kipimo cha sentimita za maji, mimi nimewekewa 11, na barakoa yangu ni ile ya pua tu, kwa sababu siku nilipojaribu ile kubwa inayofunika na mdomo, mke wangu alicheka mpaka muuzaji akamletea kiti.

Barakoa ya pua ina sharti: mdomo ufungwe. Ukiachama, hewa iliyoingia puani inapata njia ya mkato, inatokea mdomoni. Na mashine haina aibu. Ikiona hewa inavuja, inazidi kusukuma ili ifidie.

Sasa juzi tulikuwa na kipaimara cha mtoto wa mjomba. Wageni tele, sebuleni magodoro ukuta hadi ukuta, wanaume watupu, nami nikapewa nafasi ya dirishani kwenye soketi, ubavuni kwa Meku. Meku ni mdogo wake babu, mwenyekiti wa jumuiya tangu sisi hatujazaliwa, mtu ambaye akiingia mahali redio inapunguzwa. Nikasubiri taa izimwe ndipo nivae mitambo yangu. Sikutaka maswali.

Kumbe shangazi alikuwa ameshanivurugia. Alinikamata jikoni, "Baba, na baridi hii uso utapasuka," akanipaka mafuta ya mgando kuanzia mashavuni hadi puani. Nani anamkatalia shangazi? Lakini mafuta na silikoni ya barakoa haviivi chungu kimoja. Ikawa inateleza. Nikakaza mikanda, ikavuja zaidi, maana ukikaza mno ile kingo laini inajikunja badala ya kushika ngozi. Hewa ikawa inanipiga jichoni. Pua nayo imeziba kwa baridi. Mbege ikafanya kazi yake, nikalala.

Kilichoniamsha ni sauti.

"Prrrrrrr." Kama mtoto anayepuliza midomo akikataa uji. Kimya kidogo. Halafu, "Prrr, prrr, prrrrrup." Nikawaza kwa usingizi, huyu naye kalelewa wapi? Midomo inayotetemeka ni yangu, na bado sijajijua.

Gizani mtu akauliza taratibu, "Nani huyo?"

"Kisusio hicho," mwingine akajibu. "Nilisema mimi, ile supu ya damu haijaiva."

"Prrrrrrr."

"Inatokea dirishani."

Dirishani tulikuwa Meku na mimi, na kwa hesabu zao mwenye tumbo la kizee ni mmoja. Shemeji akakohoa, akatafuta sauti yake ya kanisani. "Meku, shikamoo. Kama tumbo linasumbua, tukusindikize nje?"

Wadau, hapo nilikuwa macho. Naapa. Kila neno nililisikia. Ilikuwa ni kusema tu "ni mimi", yaishe. Ila asiyewahi kuivaa hajui: ukifungua mdomo useme, hewa inatoka yote, neno linabaki. Nilitaka kusema "Meku samahani, ni mashine." Kilichotoka ni "Mehhhfffprrrrrrr", ndefu kuliko zote, na moja kwa moja sikioni kwake.

Godoro la Meku likalia. Alikuwa anakaa kitako.

"Mimi," akasema. Akanyamaza. Hakuna aliyepumua, isipokuwa mashine. "Mimi, wa kuulizwa hivyo na wewe. Washa taa."

Ikawashwa. Vichwa vyote vikageuka, vikampita Meku, vikatua kwangu: mikanda kichwani, mpira puani, uso unang'aa mafuta, jicho moja jekundu, mdomo wazi. Mtoto aliyekuwa anachungulia mlangoni akapiga yowe akakimbia.

"Yesu, Maria na Yosefu," Meku akasema. "Mangi, unakufa?"

Nikatikisa kichwa. Nikapapasa swichi, nikakuta hewa tupu, maana Meku alikuwa ameshaichukua mashine na kuinyanyua kwenye taa aione vizuri. Akaigeuza. Akaiinamisha.

Mashine hii ina kitanki cha maji, cha kuipa hewa unyevu isikukaushe koo. Niliyasikia yakianza safari kwenye mpira, bwi, bwi, bwi, bila haraka. Nikanyoosha mkono. Nikasema "Mehhhff." Meku akainamisha zaidi ili asome maandishi ya chini. Maji yakafika puani, ya uvuguvugu. Nikapaliwa, nikapiga chafya, barakoa ikateleza kwenye mafuta ya shangazi ikachomoka, na presha yote ya 11 pamoja na maji yaliyobaki vikamwishia Meku usoni.

Akajifuta kwa pindo la blanketi. Akanitazama.

"Shikamoo, Meku," nikasema.

Hakuitikia.

Asubuhi, kabla hata ya mtori, binamu ameshatuma sauti, na kikao kimeamua nimpelekee Meku sale, lile jani ambalo sisi Wachagga tunaombea msamaha. Nikauliza, aliyemsingizia mzee ni shemeji, sale nibebe mimi kwa lipi? Nikajibiwa shemeji anawahi basi. Basi nikakata jani mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, nikampelekea. Akapokea, sale halikataliwi. Akataka kujua nani alibuni kitu kile. Nikamwambia ni daktari mmoja wa Australia, Colin Sullivan, mwaka 1981.

"1981," Meku akasema. "Sisi tunapanga foleni ya sukari na sabuni, wenzetu wanabuni upepo."

Nimerudi Moshi mjini, nimenunua ile barakoa kubwa, mke wangu amecheka upya, hewa haivuji. Leo mchana kapiga Meku. Nikapokea nikiwa nimesimama. Kumbe bibi naye anakoroma, anasema, pumzi inakata mpaka amsukume, sasa niwaazime ile mashine wiki moja tu. Nikamweleza haiazimwi, aende kwanza hospitali akapimwe usingizi. Kwa nyuma nikamsikia bibi akiuliza, "Nani anakoroma?"

Simu ikakatwa.