Kocha wa sekondari awe amecheza zaidi ya mchezo mmoja

Charlie Ward alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Florida State, yaani yule anayepokea mpira na kuamua amrushie nani. Mwaka 1993 alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani vyuoni, na tarehe 1 Januari 1994 timu yake ikaifunga Nebraska 18–16 na kubeba ubingwa wa taifa. Msimu wa futiboli ukiisha, bwana huyo anahamia kwenye kikapu, chuo hicho hicho.

Ajabu ni kwamba hakuna timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli hiyo, iliyomchagua kwenye mgawo wa wachezaji wapya. Alishawaambia kama hawamchagui raundi ya kwanza ya mgawo huo wasihangaike naye. New York Knicks, timu ya kikapu, wakamchukua, akacheza NBA mpaka 2005.

Kisha akaenda kufundisha sekondari! Futiboli kwanza, Westbury Christian ya Houston. Miaka baadaye kikapu, Florida High ya Tallahassee. Kwetu wangesema jamaa kafulia. Mimi naona watoto wale walipata bahati.

Pale Florida State walimpangia mfumo wa kasi, wachezaji hawakusanyiki kupeana maelekezo kila mara. Aliumudu kwa sababu kikapu kilishamfunza kupandisha mpira bila kuutazama, macho yote kwa wenzake, na kutoa pasi kabla beki hajageuka. Kocha aliyepitia hayo atamwambiaje mtoto wa miaka 15 achague mchezo mmoja?

Huku kwetu Tanzania, UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia ndiyo vituko vinaanza. Binti mrefu, anaruka, anadaka netiboli hata ikija vibaya. Mwalimu wa wavu akimtaka, wa netiboli ananuna: ataumia, atachoka. Wanamgombea kama kiwanja chenye hati mbili. Mara nyingi, tusifichane, kinachoogopewa si goti la binti bali kombe la mwalimu.

Kuchoka kupo, sikatai, hasa mtoto akifanyishwa mazoezi mara mbili jioni moja. Lakini hilo ni la walimu wawili kukaa na ratiba moja: Jumatatu wako, Jumatano wangu, Ijumaa apumzike. Na anayeomba ukocha wa shule, mimi ningemuuliza kwanza: mbali na huo mchezo wako, umecheza nini kingine?