Marumaru za ukweni

Jamani mi nashona kwilti, yale mashuka mazito ya kitandani yenye pamba katikati ya vitambaa, na nimenogewa na ile ya mkono huru, yani unashusha meno ya cherehani, unafunga ule mguu unaorukaruka, halafu kitambaa na pamba yake unavisukuma mwenyewe kwa mikono, uelekee utakako. Raha tupu. Kushona sio shida, shida ni ushone nini. Nilikuwa najua kamchoro kamoja tu ka kuzungukazunguka, mpaka mke wangu akasema kila kitanda humu ndani kimeota minyoo.

Tangu hapo macho yangu yakaharibika. Nakodolea mageti, soli za viatu, mgongo wa shati la mtu kwenye foleni mpaka anageuka kuniuliza vipi. Maana sio kila ua zuri linafaa, mchoro wa kazi hii unataka uende mstari mmoja bila kukatika, uingie, uzunguke, utoke ukaanzishe mwingine, ukijifungia kona imekula kwako, kata uzi uanze upya, na pale ulipofunga fundo kila mgeni atapaona.

Sa juzi tuko ukweni, nikaomba kwenda msalani. Wee! Chini kuna marumaru za maua, majani manne manne, mkia wa jani hili ndo unaanzisha lile, na la mwisho linatokea ukingoni linahamia kigae cha pili. Mstari mmoja! Simu nimeiacha sebuleni inachaji, mfukoni nina kalamu tu. Karatasi? Nikaangalia huku na huku, iliyopo ni ileile ya ukutani.

Nikachora hivohivo. Ile karatasi ukikandamiza kidogo imetoboka, natupa, navuta nyingine. Nikarudi sebuleni, sijakaa vizuri nikakumbuka sijaona jani la tatu linapindia wapi, nikanyanyuka. Nikarudi, nikanyanyuka tena. Nikasikia mama mkwe anamnong'oneza mke wangu, "kwani limemuanza lini?" Kurudi tena nakuta mlangoni pamewekwa rola mpya na glasi ya maji ya chumvi na sukari.

Ila marumaru za katikati zilikuwa zimesuguliwa zimefifia, zenye mchoro unaosomeka vizuri ziko kule kwenye kona nyuma ya choo. Nikalala chini. Kifudifudi, shavu sakafuni, kidole kinafuata mstari polepole, maana mkono lazima uizoee njia kabla hujakanyaga pedeli, ukisitasita kwenye mashine mishono inarundikana pale uliposimama, ukikurupuka ukavuta inakuwa mirefu, usiku inakunasa dole gumba la mguu. Nimezama humo hata hodi sikuisikia. Hodi iliyofuata ilikuwa bega la baba mkwe, komeo likaruka.

"Amezimia!"

Shemeji kadaka miguu, baba mkwe kadaka makwapa, natolewa kwenye korido huku napiga kelele mi mzima, mi mzima jamani, mama mkwe ananipepea na gazeti, "usiongee mwanangu, utamaliza nguvu." Nikaona bora niseme ukweli.

"Nilikuwa naangalia maua."

Wakatazamana. Baba mkwe akauliza kwa sauti ile ya kubembeleza mtoto, "Maua gani, baba?"

"Ya chooni."

"Leteni gari," akasema shemeji.

Mke wangu ndo akaona vile vipande vya karatasi vinavyodondoka mfukoni, kavikunjua, kaona majani, akaelewa. Mngedhani angenitetea. Alikaa chini kabisa akacheka mpaka machozi, mimi bado nimebebwa, na hakusema neno mpaka alipomaliza.

Kwilti lakini imetoka, nawaambia ukweli sio kujisifu, majani yameshikana kona hadi kona, ukigeuza nyuma hukuti kiota cha uzi hata kimoja. Tukampelekea mama mkwe zawadi. Kaikunjua mapajani, kapitisha kidole jani moja mpaka jingine, kafurahi sana.

"Mwanangu una mikono! Na hili ua nalijua kabisa, yani nalionaga kila asubuhi, sijui wapi."

Mke wangu akapaliwa na maji. Shemeji akafungua mdomo, nikamkanyaga.