Mwambao Wote Huu, Pa Kutandika Mkeka Hakuna

Tanzania tumepewa bahari kuanzia Tanga mpaka Mtwara, tukapewa na Unguja, Pemba na Mafia juu yake, halafu Mungu akaona bado, akatuongezea Ziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Mgeni akisikia atadhani sisi tukiamka tunapigia mswaki majini. Aje akae kwangu Mbagala wiki hii aone ukoo mzima unavyogombana kwa ajili ya mchanga, likizo hii twende ufukwe gani.

Mama watoto anataka Paje. Kaiona kwenye simu, maji ya buluu, mchanga mweupe kama sembe. Sikatai, Paje nzuri. Ila zile picha zote hupigwa maji yamejaa. Nani alishawahi kukurushia picha ya Paje maji yamekupwa? Upande ule wa mashariki wa Unguja, Paje, Bwejuu, Jambiani, maji yakikupwa hayarudi nyuma kidogo kistaarabu. Yanahama. Yanakwenda zake huko kwenye mwamba, wewe unaachiwa uwanja wa mpira. Unafungua dirisha la chumba ulicholipia zaidi kwa sababu kinatazama bahari, bahari haipo. Wapo akina mama wa mwani, wameinama kwenye vigingi na kamba zao, wako kazini, na wewe na kaptura yako mpya umebeba boya la mtoto unawauliza maji yako wapi. Wananyoosha kidole kule. Unakwenda. Maji ya vifundo. Unakwenda tena. Vifundo. Na huko chini ujihadhari na wale wadudu wa miiba mieusi, maana ukimkanyaga mmoja likizo unaimalizia kitandani mguu juu ya mto, kila anayepita anakuletea dawa yake: papai, ndimu, na nyingine ambayo siwezi kuitaja mbele ya wakwe.

Halafu kuna hesabu ya saa, na hapa ndipo nilipochoka. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kule hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, yakakupwa saa nne asubuhi. Saa nne! Ndiyo saa watoto wamemaliza chai, wamepakwa mafuta, wamesimama mlangoni. Ukitaka asubuhi yenye maji uende siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Nikamwambia mama watoto basi tufuate mwezi. Akaniuliza, "Baba watoto, huyo bosi wako anatoa likizo kwa mwezi mwandamo?" Nikaendelea kula.

Ipo Nungwi, ipo Kendwa, kaskazini huko maji hayakimbii watu hivyo, unaogelea saa unayotaka. Tena mwezi wa sita, shule zikifungwa, upepo wa kusi unavuma unaupiga ule upande wa mashariki na kuusukumia mwani wa bahari nzima, Kendwa imejificha magharibi, imetulia. Sasa na wenye hoteli nao wanajua kwamba imetulia. Unaletewa karatasi ya chakula, bei ya kitalii, samaki ambaye amevuliwa pale pale mbele ya macho yako. Na mapapasi, wale vijana wanaouza safari ufukweni, hawakuachi: twende kasa, twende pomboo, twende machweo. Machweo! Jua lenyewe linazama bure. Ukimwambia unatokea Mbagala tabasamu linapungua, anauliza kama una kazi ya kumpa.

Shemeji yangu akasema tusivuke maji, twende zetu Kigamboni. Tulishakwenda. Getini kuna kiingilio, sawa, tukalipa. Pembeni kuna kibao: vyakula kutoka nje haviruhusiwi. Na sisi tumebeba pilau kwenye hotipoti, si ya kificho, ile kubwa ya misiba. Mama mkwe akaifunga khanga akaipakata. Mlinzi akauliza mama umebeba nini, akajibiwa, "Dawa, mwanangu." Mlinzi akafunua, akanusa, akafunika taratibu. Akasema dawa hiyo na yeye anaumwa. Tukampimia sahani, tukaingia. Ndiyo safari pekee ya bichi ambayo sina malalamiko nayo, isipokuwa kwamba ile sahani ilikuwa na nyama zote.

Mwingine akaleta habari za Pangani, ufukwe wa Ushongo, na kisiwa cha Maziwe kwa mbele. Nikauliza, nikaambiwa zamani kisiwa kilikuwa na miti yake, miti ikaisha, sasa ni fungu la mchanga, na maji yakijaa linazama. Sasa mtu mwenye familia anafanya nini hapo? Paje bahari inaondoka, Maziwe kisiwa chenyewe ndicho kinaondoka.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote huo. Yeye ni mtu wa Kyela, akakohoa, akasema, "Matema." Ziwa Nyasa, baba, halina kujaa wala kukupwa, halina chumvi, mtoto akinywa kidogo hutapiki naye usiku kucha, na Milima ya Livingstone imekuinukia pale kando. Maneno ya kweli kabisa, sina pa kuyapinga. Lakini kutoka Dar unapita Morogoro, Iringa, Mbeya, ndipo uteremke Kyela, ukifika makalio si yako tena. Na Jumamosi kuna mnada wa vyungu Lyulilo, vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kule, vizuri, na mama mkwe hawezi kuviona akavipita. Vyungu havipandishwi juu ya basi. Vinapakatwa. Atavipakata nani?

Nikapendekeza Coco Beach, karibu, hakuna geti, mihogo ya moto na kachumbari. Watoto wakasema Coco si bichi, Coco ni mihogo.

Sasa limefunguliwa kundi la WhatsApp, linaitwa Kamati ya Bichi, mweka hazina ni mimi. Mchango haujaingia hata shilingi. Mama mkwe ametuma ujumbe wa sauti mrefu, anaorodhesha majirani na saizi ya chungu anachotaka kila mmoja.