Geoff Crammond Alianza na Matairi

Ingia kibanda chochote cha PlayStation, kiwe cha Magomeni au cha Kariobangi, uulize gemu gani la mbio za magari ndilo kali. Utajibiwa kwa macho: tazama boneti linavyong'aa, tazama matone ya mvua kwenye kioo, tazama watu jukwaani. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba gari la gemu fulani linashika barabara vizuri, au kwamba ukilifungia breki katikati ya kona mkia unateleza kama unavyopaswa kuteleza. Mimi naamini hilo la pili ndilo gemu lenyewe, na mengine yote ni mapambo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikibishana na watu juu ya jambo hili humtaja Mwingereza mmoja ambaye wachezaji wengi wa leo hawajapata kulisikia jina lake, Geoff Crammond.

Crammond hakutokea kwenye uchoraji wala kwenye mashine za burudani. Alisomea fizikia, na kabla ya kuandika magemu alikuwa mhandisi wa mifumo katika kampuni ya Marconi, upande wa kazi za ulinzi. Kompyuta aliyoanzia ni BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge kuanzia 1981 na kuenea sana katika shule za Uingereza. Gemu lake la Super Invaders, la 1982, lilikuwa la kufyatulia maadui risasi kama yalivyokuwa mengi ya wakati ule. Lililofuata ndilo lililoonyesha tuna mtu wa namna gani. Aviator, la 1983, lilimkalisha mchezaji ndani ya ndege ya kivita ya Spitfire, na ndege ile ilipaa kwa hesabu za kweli za mwendo, uzito na mabawa. Ukizembea mwendo, inaporomoka.

Halafu mwaka 1984 ikaja Revs, gemu lake la kwanza la mbio za magari.

Ili kuona ukubwa wa alichokifanya inabidi kukumbuka magemu ya magari yalikuwaje. Lililotamba duniani lilikuwa Pole Position la kampuni ya Namco ya Japani, la 1982. Lilistahili sifa zake: lilikuwa na mbio, rangi na sauti, na watoto walipanga foleni kulicheza. Lakini ukilitazama kwa ndani, gari lile ni picha inayosogezwa kushoto na kulia juu ya barabara inayojipinda. Ukigusa bango, unalipuka, kisha unaendelea na safari. Hakuna tairi hata moja ndani yake.

Acorn wakati ule ilikuwa ikimdhamini David Hunt, dereva wa Formula 3, mbio za ngazi ya chini ya Formula 1, na mdogo wake James Hunt aliyekuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1976. Kwa njia hiyo Crammond akapata watu wa kuwauliza gari la mbio linafanya nini hasa likiwa kwenye kona. Alichoandika kikawa gari moja la Formula 3 na uwanja mmoja, Silverstone, wenye kona zake kwa majina: Copse, Becketts, Stowe, Woodcote. Barabara haikuwa tambarare kama meza. Ilipanda na kushuka, na ulipofika juu ya kilima kona ya mbele haikuonekana mpaka uifikie, sawasawa na anavyoiona dereva aliyeketi chini karibu na lami.

Injini unaiwasha mwenyewe. Ukikosea gia na mafuta, inazimika na magari 19 yanakuacha hapohapo. Bawa la mbele na la nyuma unayapanga kabla ya kuingia uwanjani: ukiyaongeza, gari linagandamizwa chini na kushika kona, lakini kwenye sehemu ndefu iliyonyooka kuelekea Stowe linakuwa zito wa mbio. Ukiongeza la mbele tu na kusahau la nyuma, mkia unakosa mshiko na gari linajigeuza kama pia. Haya yote hayakuwa maandishi ya kwenye kijitabu cha maelezo. Yalitokea kwenye hesabu, kila mara, kwa kila mchezaji.

Na hesabu zenyewe zilifanywa na kitu gani? BBC Micro ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, na picha moja ya simu ya leo huijaza mara nyingi na kubaki. Prosesa yake, yaani chipu inayofanya hesabu, iliitwa 6502, ilikwenda kwa megahezi 2 na haikuwa na amri ya kuzidisha. Nasisitiza hilo kwa kuwa watu hulipita haraka: mashine ilijua kujumlisha, kutoa na kusogeza biti, basi. Kila mahali fizikia inapodai namba mbili zizidishwe, na fizikia ya gari hudai hivyo kila mara, mwandishi wa programu alilazimika kuujenga uzidishaji kwa mikono yake, hatua kwa hatua, na kuujenga uwe wa haraka kiasi kwamba gari lisigande barabarani. Crammond alikokotoa nguvu kwenye matairi ya mbele na ya nyuma kila upande kwa wake, akapima kama nguvu hiyo imezidi uwezo wa tairi kushika, na ikizidi, tairi linaanza kuteleza. Hapo ndipo gari lake lilipata uzito. Aliyewahi kusimama ndani ya daladala dereva akafunga breki ghafla anaujua uzito huo mwilini mwake, jinsi kila kitu kinavyokimbilia mbele. Crammond aliuingiza ndani ya kompyuta ya shule.

Kuna jambo moja katika Revs ambalo kila nikilifikiria namvulia kofia. Kilobaiti 32 hazikutosha. Sehemu kubwa ya kumbukumbu ililiwa na skrini yenyewe, kwa sababu kila nukta inayoonekana lazima ihifadhiwe mahali. Lakini nusu ya juu ya skrini katika gemu la magari ni nini? Ni anga, na anga ni buluu tupu. Crammond akachukua ile sehemu ya kumbukumbu iliyokuwa ya anga akaijaza programu. Kwa kawaida programu iliyowekwa pale ingeonekana kwenye skrini kama takataka za nukta za rangi rangi. Akaiamuru mashine kwamba inapochora sehemu hiyo, rangi zote nne zilizopo ziwe buluu. Kwa hiyo mchezaji aliyekuwa akiendesha Silverstone aliona anga safi, na ndani ya anga hilo hilo ndimo ilimolala programu iliyokuwa ikiendesha gari lake. Kisha, mstari wa skrini ulipofika chini ya anga, rangi zilibadilishwa upesi ili majani, barabara na gari vionekane. Alipokosa nafasi, kilichotolewa ni picha. Fizikia haikuguswa. Huo ndio msimamo wake wote ukiwa katika uamuzi mmoja.

Inanisikitisha kwamba historia imelipa Revs nafasi ndogo. Acornsoft, kitengo cha programu cha Acorn, mwaka huohuo wa 1984 kilitoa Elite, gemu la anga za mbali la David Braben na Ian Bell, na Elite likafunika kila kitu. Sina ugomvi na Elite, ni kazi kubwa. Lakini kwenye makala za historia ya magemu ya Uingereza utakuta kurasa za Elite na sentensi moja ya Revs, na hiyo si haki.

Sasa najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu hunijia kila mara: gemu ni burudani, nani anataka masomo ya fizikia baada ya kazi? Jibu langu ni Stunt Car Racer. Katikati Crammond aliandika The Sentinel, gemu la mafumbo lenye mandhari 10,000 zilizozalishwa na programu yenyewe, jambo linalostahili makala yake peke yake. Kisha mwaka 1989 akatoa Stunt Car Racer, ambalo halina uhusiano na uwanja wowote uliopo duniani. Barabara yake imejengwa juu hewani, nyembamba, isiyo na kingo, inapanda kama ukuta na kukatika ghafla ili uruke pengo. Gari linashushwa barabarani kwa minyororo, likining'inia. Ni vituko vitupu. Lakini gari hilo la vituko lina springi za kweli. Ukiruka kwa mwendo mdogo, huvuki pengo. Ukiruka kwa mwendo mkubwa kupita kiasi, unavuka lakini unatua vibaya, fremu iliyo juu yako inaingia ufa, na ufa huo unaendelea kurefuka kila unapobamiza chini mpaka gari linakufa. Ukitua huku pua imeelekea kando, springi zinakurusha nje na unabaki chini ukisubiri minyororo ikupandishe tena, mpinzani anapotea machoni. Watu wawili waliweza kuunganisha kompyuta zao kwa waya na kushindana.

Kwa nini gemu hilo linafurahisha hadi leo? Kwa sababu kila kuruka ni uamuzi wako na kila matokeo yana sababu unayoweza kuijifunza. Ukishindwa unajua kwa nini umeshindwa. Gemu linalodanganya fizikia haliwezi kukupa furaha hiyo. Linaweza kukupa kelele na mwanga tu. Kwa hiyo siafiki kwamba fizikia ni ya wale wanaopenda uhalisia pekee. Crammond alithibitisha kwamba hata ndoto inahitaji uzito ili iwe tamu.

Gemu lake la Formula One Grand Prix lilitoka mwishoni mwa 1991 kwenye kompyuta za nyumbani za Amiga na Atari ST, na kwenye kompyuta za PC mwaka 1992, chini ya kampuni ya MicroProse. Lilikuwa na nyanja zote 16 za msimu wa 1991. Wengi husifu ukubwa huo, lakini mimi husifu heshima aliyompa mchezaji asiyejua. Aliweka misaada 6 unayoweza kuiwasha au kuizima: breki za kujifunga zenyewe, gia za kujibadilisha, gari kujirudisha likizunguka, gari kutoharibika, mstari wa njia bora uliochorwa barabarani, na kuonyeshwa gia inayofaa. Kadiri unavyopanda daraja, ndivyo misaada inavyopungua. Hakulifanya gari liwe jepesi ili mgeni afurahi. Gari ni lilelile, ila mgeni ameshikwa mkono mpaka aweze mwenyewe. Mstari ule wa njia bora leo umezagaa katika magemu ya magari kila upande, na wanaoufuata hawana habari na Crammond.

Tena kuna ule uamuzi wake kuhusu kompyuta dhaifu. Mashine ikizidiwa, magemu mengi huruka picha na gari linasogea kwa mishtuko. Ya Crammond yalipunguza mwendo wa muda wenyewe: sekunde moja ya mbio ikachukua zaidi ya sekunde moja ya saa ya ukutani, lakini hesabu haikurukwa hata moja. Katika Grand Prix 2 la 1996 mchezaji aliweza hata kuonyeshwa kwa asilimia prosesa imebebeshwa kiasi gani, ili ajue apunguze picha zipi. Kuna waliokasirishwa na mwendo wa kinyonga. Mimi naona ni uaminifu.

Mwaka huohuo wa 1996, Jacques Villeneuve alikuwa katika msimu wake wa kwanza wa Formula 1. Alifika Spa-Francorchamps, Ubelgiji, bila kuwahi kukimbia pale, akasema ameusoma uwanja kwenye gemu la kompyuta. Siku ya kupanga nafasi akawa wa kwanza. Miaka 12 kabla yake, watu walikuwa wanacheza na picha inayosogea kushoto na kulia.

Baada ya hapo biashara ikamgeuka. Grand Prix 3 lilitoka 2000 likiwa na msimu wa 1998, na Grand Prix 4 likatoka 2002 likiwa na msimu wa 2001. Kampuni ya EA ilikuwa ikitoa magemu ya Formula 1 mfululizo, na mwaka ule wa 2002 ikatoa lenye msimu wa mwaka wenyewe. Baadaye leseni ya Formula 1 ikashikwa na Sony pekee kwa miaka kadhaa. Hesabu ya wauzaji ilikuwa kalenda: madereva wapya, rangi mpya za magari, sanduku jipya dukani. Mtu anayeandika tairi kwa miaka minne hana mahali katika hesabu hiyo. Grand Prix 4 likawa gemu lake la mwisho kutoka, na naona wenye mali walikosea vibaya, kwa sababu msimu huchakaa ndani ya miezi lakini fizikia nzuri haichakai. Ushahidi ni wale mashabiki ambao kwa miaka mingi baada ya 2002 waliendelea kutengeneza magari na madereva wa misimu mipya na kuyapachika kwenye Grand Prix 4. Sura walibadilisha wenyewe. Injini ya Crammond waliiacha.

Kwa vijana wanaosoma kompyuta huku kwetu na wanaotamani kutengeneza magemu, habari njema ni kwamba msimbo mzima wa Revs umekwisha kufafanuliwa mstari kwa mstari na kuwekwa wazi mtandaoni, na BBC Micro ya kuigizwa inafunguka ndani ya kivinjari cha kawaida. Ningewashauri waanze na sehemu inayokokotoa nguvu za matairi, wakiwa na kalamu na karatasi. Ile ya anga la buluu waifuate baadaye.